Fikirini wa Winchi, Aliyevuta kwa Wimbo

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1938, Fikirini bin Mwinyimvua, mwendesha winchi wa godauni la Bwana Humoud bin Azzan, Mtaa wa Msimbazi, atashuka ngazi za ghorofani kwa mara ya mwisho akiwa mtumishi. Ametumika miaka ishirini na sita, pamoja na ile ya vita alipochukuliwa kubeba mizigo ya wapiganaji huko Rufiji, maana Bwana Humoud mwenyewe amesema na hiyo ihesabiwe. Magunia aliyoyapandisha hayana hesabu. Yakipangwa barabarani, nasema mimi, yatatoka Msimbazi yafike Pugu, na yatakayobaki tutayakalia.

Mimi ninayeandika ni Sitara binti Sadalla, mama yake. Kwa desturi karatasi ya namna hii huandikwa na mtu wa kazini. Mahamali walikaa wakashauriana: nani amekaa mlangoni hapa miaka yote, anatuuzia uji na maandazi, anatujua mmoja mmoja mpaka na madeni yetu ya mahari? Mimi nikajifanya nakoroga uji, lakini jibu nilikwisha kulijua. Basi mimi ni mtu wa kazini. Chuoni nilisoma Kurani mpaka nikahitimu, na hizi herufi za Kizungu nilifundishwa na Fikirini mwenyewe, kwa mkaa, juu ya kibao cha kusukumia chapati. Atakayewasomea ni Karani Anaeli. Nimemwomba asiguse neno, ila atie nukta panapotaka nukta. Na pale nilipojisifu asome kwa sauti kubwa.

Mtu atasema, mama humsifu mwanawe. Sasa mlitaka nimsifu wa nani?

Fikirini aliingia godauni hili akiwa na ndevu za kwanza, akiandamana na baba yake, marehemu Mwinyimvua, Mungu amrehemu. Wote wawili walikuwa mahamali. Siku hizo hapakuwa na mashine. Gunia la mbata lilipanda ghorofani kwa mgongo, ngazi kwa ngazi, na jioni nilikuwa nawakanda mabega kwa mafuta ya nazi, huyu kisha huyu, kama mtu anayekanda unga wa sikukuu.

Baada ya vita, mali za Wadachi, hao Wajerumani, zilipopigwa mnada, Bwana Humoud alinunua injini ya mafuta na winchi yake. Ilipofungwa ghorofani na kutiwa moto, watu walikuja kuitazama kutoka Gerezani mpaka Ilala. Ilikuwa na mkanda mrefu unaozunguka kama wazimu, na kamba ya chuma inayopita kwenye tundu kubwa la sakafu mpaka chini uani, na mwisho wake ndoano. Fundi aliyeifunga alikuwa Mhindi, mzee mpole. Akawapanga mahamali wote, akawatazama mikono. Wenye nguvu walitoa vifua mbele. Fundi akasema, "Hii mashine nguvu iko nayo yenyewe. Mimi nataka mtu mwoga kidogo."

Wote wakamwonyesha Fikirini. Hawakukosea. Mwanangu tangu utoto tulimwita Kobe. Kula kwake wali kuliwachosha wenziwe, wakaosha mikono na yeye bado anatafuta mwiba wa samaki ambao haupo. Akivuka barabara anatazama kulia, kushoto, kisha anatazama na juu. Shoga zangu walikuwa wakinipa pole. Nami leo nawaambia wale waliobaki hai: asanteni kwa pole zenu, tazameni sasa.

Ili mwelewe kazi yake ilivyokuwa, jueni kwamba aliye kwenye winchi juu hamwoni aliye kwenye ndoano chini. Injini iko nyuma ya ukuta, kelele zake hazimzibi masikio. Basi Fikirini alifanya kazi kwa masikio. Mahamali wetu tangu zamani hawabebi bila kuimba, na wimbo huo ndio uliokuwa macho yake. Mwimbishaji wao alikuwa Polycarp, Mnyamwezi wa Tabora, mrefu, mwenye sauti ya kuamsha soko. Akitoa, wenziwe wanaitikia:

"Mzigo huu wa nani?"

"Wa tajiri!"

"Na mgongo huu wa nani?"

"Wa mama yangu!"

"Basi tumwachie nani?"

"Tumwachie chuma!"

Kwenye neno hilo "chuma" wote hupiga kofi moja. Hapo ndipo Fikirini alipovuta. Kofi ndiyo siri, maana mtu hawezi kupiga kofi na huku kidole chake kiko chini ya kamba. Mzigo ukipanda, wimbo unaendelea. Wimbo ukikatika, breki. Hilo walikubaliana wenyewe, Fikirini na Polycarp, siku za mwanzo kabisa, wakiwa wamekaa juu ya magunia ya ufuta wanakula maandazi yangu. Ya Fikirini yalilipwa. Ya Polycarp hayakulipwa hata siku moja, kwa sababu Mnyamwezi na sisi Wazaramo ni watani, naye alikuwa akiokota andazi kwenye sinia langu na kusema, "Mama mtani, hili nimelikamata linatoroka."

Utani wao ulikuwa chakula cha godauni zima. Polycarp anapaza sauti toka chini, "We Mzaramo! Umelala huko juu, au tukuletee na mto?" Na Kobe wangu, ambaye nyumbani maneno yake huyatoa kwa mizani, anajibu kupitia tunduni, "Tulia, Mnyamwezi. Babu yako alipofika pwani alimkuta babu yangu amekaa, akamuuliza haya maji yote nani ameyamwaga!" Hapo hata Bwana Humoud, mtu wa tasbihi na mahesabu, hugeuka ukutani acheke kwa heshima.

Nisisahau habari ya kanzu. Miaka ya mwanzo kila mtu aliingia alivyovaa. Seifu, aliyekuwa akitia mafuta kwenye injini, alikuja siku ya Ijumaa na kanzu yake ya kwendea msikitini. Mkanda ukaudaka upindo, ukamvuta kama mke anayemwita mumewe kutoka barazani. Fikirini aliizima injini upesi, na hiyo ndiyo haraka ya kwanza niliyosikia ameifanya katika maisha yake. Seifu alipoteza vidole viwili, kanzu na kiburi. Kuanzia hapo Fikirini alisema hapiti mtu karibu na mkanda ila na kaptura. Mahamali wakaguna, wakasema kaptura ni ya askari na ya watoto. Basi nikawashonea mimi, za kitambaa cha marekani, moja moja, na nikaziwekea mifuko miwili, wakanyamaza. Bwana Humoud naye, kwa kuombwa na Fikirini, akauzungushia mkanda kizuizi cha mbao.

Sasa nifike kwenye lile jambo. Polycarp ameniambia, "Mama mtani, usipoliandika nitaliimba." Basi naliandika.

Mwaka 1927 mume wangu Mwinyimvua alifariki. Watani walitimiza wajibu wao. Polycarp alilala kizingitini pa nyumba yetu, akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe kuku, huku akikohoa kikohozi cha marehemu vilevile, cha mafundo matatu na kuguna. Mimi nililia huku nacheka, na ndivyo inavyotakiwa. Mfiwa asipochekeshwa, aibu ni ya mtani wake. Lakini Fikirini hakucheka. Alimpenda baba yake mno. Tukazika, matanga yakaondolewa, naye akarudi kazini uso umefungwa kama duka la siku ya Iddi.

Polycarp aliona kazi yake haijakwisha. Siku hiyo mahamali walikwisha kupanga magunia ya mchele kwenye wavu wa kamba, ndoano imeingia. Yeye akapanda juu ya magunia, akalala chali, akafumba macho, mikono kifuani, akawa maiti. Alitaka achomoze ghorofani kupitia tunduni, mbele ya Fikirini, akohoe kile kikohozi, aone kama Mzaramo huyu hatacheka. Wenziwe walivunjika mbavu kwa kicheko. Mmoja akashika zamu ya kuimbisha. Wakaimba, wakafika kwenye chuma, wakapiga kofi.

Na juu, Fikirini akasikia wimbo, akasikia kofi, akavuta.

Wavu uliyumba. Maiti alikuwa mrefu kuliko mzigo. Mguu wake wa kulia ulining'inia nje, ukanaswa kati ya magunia na ukingo wa tundu. Polycarp akapiga ukelele. Wale wa chini wakadhani ni utani, wakaendelea kuimba na kucheka. Kisha mmoja akaona damu, wimbo ukakatika. Ulipokatika tu, breki ikashikwa. Daktari alisema baadaye kwamba kama winchi ingezunguka kidogo tena, angekatika kiuno. Mguu wenyewe haukupona. Waliukata chini ya goti.

Mimi nilikuwa ndani nakaa eda ya mume wangu. Sikuona lolote, lakini niliyasikia yote, maana pazia halizuii maneno. Na maneno yaliyopita mtaani yalikuwa mabaya. Watu hawakusema winchi imemvunja Mnyamwezi. Walisema Fikirini alijua. Walisema alimwona kupitia tunduni, akakasirika kufanyiwa mzaha wa kifo cha baba yake, akavuta kusudi. Kwetu kukasirikia utani ni aibu. Kumuumiza mtani ni zaidi ya aibu, ni laana. Neno hilo lilitoka Msimbazi, likapita Mnazi Mmoja, likarudi limenenepa.

Bwana Humoud alimwita. "Fikirini, ulijua kuna mtu juu ya mzigo?"

"Sikujua, Bwana. Nilisikia wimbo."

"Watu wanasema ulikasirika."

Mwanangu alitoka, akaja nyumbani, akakaa ukumbini upande wa pili wa pazia langu, na kazini hakurudi. Bwana Humoud hakumfukuza, namshuhudia kwa hilo. Alimweka mtu mwingine kwa muda. Mahamali walikuwa wakifunga mzigo wakiwa na mguu mmoja nje kabisa, tayari kukimbia, maana mtu huyo alivuta kwenye "tajiri".

Nikamwambia Fikirini, "Mwanangu, mikono yako imefanya kosa gani?"

Akasema, "Imefanya ilivyoambiwa, mama. Ndiyo maana naiogopa."

Hapo nilijua kwamba kama mtu mmoja hatasema neno, mwanangu hatagusa tena winchi, na jina lake litabaki katika midomo ya watu kama mfupa. Na mtu huyo mmoja alikuwa kitandani hospitalini. Angesema amesamehe, wangesema Mnyamwezi ana moyo mzuri, lakini Fikirini ana kosa. Angemshitaki, ndiyo basi.

Polycarp hakusamehe wala hakushitaki. Alikuja kudai.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, mabaraza ya mtaa wetu yamejaa. Nikasikia kitu kinagonga chini, tak, tak, ni magongo. Kisha ile sauti:

"Hodi wenye deni! Wazaramo wa nyumba hii! Nimefiwa!"

Mtu mmoja barazani akauliza, "Pole, bwana. Umefiwa na nani?"

"Nimefiwa na mguu wangu! Umezikwa hospitali bila sanda, bila hitima, na hakuna Mzaramo hata mmoja aliyekuja kulia! Mimi nilimlilia baba yao mpaka nikalala kizingitini. Nataka matanga ya mguu wangu, na nataka leo!"

Ninyi mnaosoma mbali na kwetu, jueni alichokifanya. Mtani hamdai ubani mtu aliyemdhuru kwa kusudi. Huyo anapelekwa kwa liwali. Ukidai matanga umesema mbele ya watu wote kwamba lile lilikuwa utani, na utani hauna kesi. Alilifuta neno lote la mtaa kwa kuomba pilau.

Nikamjibu kutoka nyuma ya pazia, eda na yote, maana siwezi kuachia Mnyamwezi neno la mwisho: "Mguu wako ulikuwa mrefu au mfupi? Nijue kiasi cha mchele!"

"Mrefu, mama mtani! Ulitembea toka Tabora!"

"Mwongo wewe! Ulikuja kwa gari la moshi!"

"Basi nusu ya mchele, lakini nyama usipunguze!"

Mabaraza yalilipuka. Fikirini akatoka nje. Nasikia alisimama mbele ya Polycarp, akautazama ule mguu usiokuwapo, machozi yakamtoka. Polycarp akakohoa. Kikohozi cha marehemu, mafundo matatu na kuguna. Na mwanangu, jamani, akacheka. Nilikisikia kicheko kile nikaegemea ukuta. Kwa mara ya kwanza tangu baba yake alipokufa. Mnyamwezi alikuwa amemaliza kazi yake, ingawa ilimgharimu.

Pilau ilipikwa, na nazi haikupunguzwa. Mke wa Fikirini, Waridi, aliikaanga nyama, mimi nikaionja chumvi. Wakiwa wanakula Polycarp alisema, "Kubeba sitabeba tena. Lakini sauti hawakuikata. Mimi nitakaa chini niimbishe, wewe utakaa juu uvute. Na atakayenitania nikiwa naimba, gongo hili litamjibu."

"Mimi siwezi kupanda tena," akasema Fikirini.

"Basi nani atavuta? Yule anayevuta kwenye tajiri? Mimi nimebakiwa na mguu mmoja, bwana, ninautaka."

Kesho yake Fikirini alipanda.

Walichokianzisha siku ile mnakiona mpaka leo. Chini ya tundu kuna mstari wa chokaa, mduara mkubwa, unaopakwa upya kila Jumamosi. Ndani ya mstari hakuna utani. Uwe Mzaramo, Mnyamwezi, Mmanyema, uwe tajiri, ukiuvuka mstari mdomo wako ni wa wimbo tu. Siku moja Bwana Humoud aliingia anamalizia kichekesho cha mtu wa Maskati na punda wake. Polycarp akainua gongo. Bwana Humoud akarudi nyuma mpaka nje ya chokaa, akakimalizia huko, kisha akaingia tena kwa adabu. Mimi niliona kwa macho yangu, uji ukaniungulia. Na hakuna anayeimbisha ila Polycarp, na haimbishi mpaka ahesabu vichwa.

Ukingo wa tundu ulizungushiwa fito za chuma, Fikirini aliziomba mwenyewe. Mwaka 1934 injini ya mafuta ikatolewa, ikaja mota ya stimu, hii inayokula waya, isiyotoa moshi wala kelele. Fundi wa stimu akatundika na kengele, nzuri kabisa. Fikirini aliipokea kengele, akamshukuru, na wimbo akaubakiza. Hivi sasa inapigwa kengele, unafuata wimbo, linafuata kofi. Watoto wa Msimbazi wanacheza mchezo huohuo barabarani, na mmoja anajifanya winchi.

Najisifu sasa, Karani Anaeli, paza sauti. Tangu siku ya mguu wa Polycarp mpaka leo ninapoandika, hakuna mtu aliyeumia chini ya ndoano ile. Si kidole, si ukucha. Kuna magodauni mengine, mtaa siutaji, ambako ukitaka kujua mtu amefanya kazi miaka mingapi, unahesabu vidole vilivyobaki. Mahamali wa huko huja kwangu asubuhi, wananunua andazi moja na kuuliza kwa sauti ya chini kama kwa Humoud kuna nafasi. Nawaambia nafasi hazipo, kwa sababu wetu hawapungui.

Watu wameniuliza, "Mama Fikirini, mwanao bado ana nguvu, mbona anatoka? Kafukuzwa?" Nitawajibu wote mara moja.

Mwezi wa Machi mwaka huu mshono wa gunia ulipasuka mzigo ukiwa njiani kwenda juu. Polycarp akakata wimbo palepale. Mzigo ukaendelea kupanda. Ukapanda kiasi cha mtu kusema bismillahi. Seifu, aliyekuwa juu karibu naye, akampigia kelele, akashika breki. Mchele ukamwagika, mtu hakuumia, kuku wa mtaa walisherehekea. Wote wakasema ni mvua, bati lilikuwa linapiga kelele. Polycarp mwenyewe alisema ni mvua.

Mvua ilipokatika Fikirini alishuka uani, akampa Polycarp mgongo, akamwambia, "Imba, halafu nyamaza pale utakapotaka. Nitainua mkono ukinyamaza." Polycarp akaimba, akanyamaza. Mkono haukuinuka. Akaimba tena, akanyamaza tena. Mahamali wakatazamana. Mkono wa mwanangu ulikuwa chini, naye amesimama anangoja kwa utaratibu wake uleule wa kobe, akiamini wimbo bado unaendelea.

Alipogeuka na kuziona nyuso zao, alielewa kwamba masikio yake hayajui tena wimbo unapokatika. Akaenda moja kwa moja kwa Bwana Humoud.

Bwana Humoud alimsihi. Alisema, "Kengele ipo. Seifu yupo, atakugusa bega. Wewe kaa tu pale juu, jina lako linatutosha."

Mwanangu akamjibu, "Bwana, miaka yote hii wamekuwa wakiweka mikono na miguu yao amana katika masikio yangu. Amana inarudishwa kabla haijapotea."

Je, huyo kafukuzwa? Mtu aliyekaa nyumbani akaogopa mikono yake siku ambazo haikuwa na kosa, ndiye huyohuyo aliyejua kuiondoa kabla haijakosa. Anatoka kwa miguu yake, na anawaacha wenziwe na miguu yao, isipokuwa mmoja, na huo tuliula pilau.

Miezi hii amekuwa akimfundisha Seifu. Vidole vinane vinatosha, na mtu aliyewahi kuvutwa na mkanda haufanyii mzaha. Seifu alianza kwa haraka, Fikirini akamwambia, "Kula wali polepole kwanza." Tukadhani ni mfano tu. Kumbe alimkalisha kwangu mchana, akampa samaki mwenye miiba. Sasa Seifu naye anachelewa kumaliza, mke wake amekuja kunilalamikia, nami nimempa pole ile niliyokuwa nikipewa.

Tunamshukuru Bwana Humoud bin Azzan, aliyeuliza kabla ya kuhukumu, na aliyetoa kila ubao na kila chuma alichoombwa. Amemzawadia Fikirini kanzu ya melimeli, ndefu, ya kuburura. Mtu aliyewavua wenziwe kanzu miaka yote, sasa ataivaa yake barazani Ilala, na hakuna mkanda wa kuidaka ila wajukuu. Tunawashukuru mahamali wote waliopiga kofi kwa ukweli. Na wewe Polycarp, maandazi yote yale nimekusamehe. Ya kesho utalipa.

Siku yenyewe ya tarehe 30 utapandishwa mzigo mmoja wa kumuaga. Polycarp alipendekeza alazwe Fikirini juu ya wavu, eti mstaafu ni maiti wa kazi. Nimekataa, na nimemkumbusha mstari wa chokaa. Mzigo utakuwa wa mchele, ule wa karamu. Seifu atakuwa juu. Na Fikirini, ambaye miaka yote aliusikia wimbo ule kupitia tunduni, atasimama chini, ndani ya chokaa, pamoja na wenziwe, auimbe.

Sauti yake ni mbaya, mimi mama yake nasema. Hata chuoni mwalimu alimwomba asome kimoyomoyo. Siku hiyo tutamvumilia.

Mwanangu, Mungu akupe umri wenye raha na mlo usio na haraka. Baba yako angekuwapo angekohoa kwa furaha. Ukifika kwenye chuma, toa mikono yako hewani, piga kofi, na uimbe kwa nguvu, mwanangu. Aliye juu anakusikiliza.